Albamu ya Changachanga

Anayeshika trei hana jina. Katika albamu za familia za Wabelgiji walioishi Katanga miaka ya 1940 na 1950, utamkuta ukurasa baada ya ukurasa. Amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, amesimama ukingoni mwa picha, na wakati mwingine bega lake moja limekatwa na fremu. Katikati wamekaa wenye nyumba. Bwana yumo ndani ya kaptula ya kaki na soksi ndefu, mama amevaa gauni la maua, watoto wamejipanga ngazini na mbwa wao. Ukiigeuza picha unakuta maandishi ya wino: majina ya watoto, mwaka, na mara nyingine jina la mbwa. Yeye ameandikwa "boi", au hakuandikwa kabisa.

Mahali walipokaa panaitwa barza. Neno hilo ni letu. Wabelgiji wa Kongo walilichukua kutoka Kiswahili, wakalipunguza irabu moja, wakalifanya jina la veranda ya Mzungu. Kwa watu wa pwani, baraza ni kiti cha wapita njia: anayepita husalimu, hukaa, hupewa kahawa, husikia habari. Barza ya Katanga ilibaki na kivuli cha baraza ikapoteza mlango wake. Mwafrika hakuketi pale. Alipanda na trei, akashuka na trei.

Nimezitazama picha za namna hii kwa miaka, na mwanzoni nilizitazama kama wengi wanavyozitazama, kwa hasira kidogo na husuda kidogo. Kolwezi ya picha ina barabara zilizonyooka, miti ya jakaranda, nyasi zilizokatwa, nyumba za matofali zenye madirisha mapana. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi zake huuma. Ndiyo maana katika picha nyingine watoto wamevaa sweta, na mgeni asiyejua angedhani yuko Ulaya. Baadaye niligundua kwamba picha hizi zina somo jingine, na waliolijua mapema ni wazee wa Kolwezi wenyewe. Ili kulifikia, inabidi kuanza kabla ya kamera.

Vilima vya upara

Wanaotafuta shaba Katanga walijua dalili yake tangu zamani: kilima kisichoota miti. Udongo wenye shaba nyingi huua mizizi ya miti mikubwa na kuacha majani mafupi tu na maua madogo yanayoipenda sumu ile. Ukiona upara katikati ya msitu wa miombo, chimba. Chini yake lilikuwako jiwe la kijani, malakiti, ambalo mafundi wa Kisanga na wenzao waliliyeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani. Waliitwa walaji wa shaba. Walimimina madini yaliyoyeyuka katika umbo la msalaba wenye mikono minne, na misalaba ile ilitembea mbali sana ikiwa mahari, kodi na akiba.

Katikati ya karne ya 19 akaja Msiri, mtu wa kabila la Wasumbwa kutoka magharibi mwa Tanzania ya leo, mtoto wa msafara wa biashara. Aliweka makao Bunkeya akajenga dola ya Wayeke kwa shaba, pembe za ndovu, watumwa na bunduki. Msafara wa William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ulimfikia mwishoni mwa mwaka 1891. Msiri alikataa bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba, kapteni Mbelgiji Omer Bodson alimpiga risasi, na watu wa Msiri wakampiga Bodson vilevile. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipita akiviandika vilima vya upara kimoja baada ya kingine. Waafrika walikuwa wameviandika zamani, kwa majembe.

Mwaka 1906 ilizaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Wazazi wake walikuwa Société Générale de Belgique, benki kubwa iliyoshika sehemu kubwa ya uchumi wa Ubelgiji mkononi, na Tanganyika Concessions ya Mwingereza Robert Williams. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika tanuru la Lubumbashi. Magharibi, kwenye Mto Lualaba, ilibidi kungoja zaidi. Reli ya kwenda Lobito, bandari ya Angola, ilikamilika mwaka 1931, na mwaka 1937 ukaanzishwa mji wa Kolwezi juu ya utajiri ambao hata leo haujafikiwa mwisho wake.

Tajiri mwenye migodi hii hakuonekana. Wenye hisa walikuwa Brussels na London. Waliokaa barzani nao walikuwa wafanyakazi, wahandisi na wasimamizi na makarani, waliopewa nyumba kwa vyeo: ya mkubwa kubwa, ya mdogo ndogo. Lakini mbele ya Mwafrika kila mmoja wao alisimama mahali pa tajiri, na picha zikapigwa hivyo.

Mji uliochorwa kwa rula

Ramani ya Kolwezi ya ukoloni inasomeka kama barua. Upande mmoja mji wa Wazungu, na hospitali yake, shule zake na ukumbi wa starehe. Upande mwingine, karibu na mashimo, kambi za wafanyakazi wa kampuni: Kolwezi, Musonoi na nyingine zilizofuata. Kando tena, siti ya Manika, makao ya wasio wa kampuni: washona nguo, wachuuzi, makarani wa serikali, wanawake waliojitafutia wenyewe. Kati ya Weusi na Weupe kuliachwa nafasi. Usiku, Mwafrika aliyeonekana mjini bila kibali alikuwa na jambo la kujibu.

Aliyeruhusiwa kulala upande ule alikuwa boi. Nyuma ya kila villa, mwisho wa kiwanja, karibu na stoo na bomba la kufulia, palikuwa na chumba kimoja au viwili vilivyoitwa boyeri. Mpiga picha aliisimamisha familia mbele ya nyumba, na boyeri ikabaki nyuma ya mgongo wa kila mtu. Ukitaka kuiona, tafuta picha ambayo mtoto amekimbia na mpira hadi uani, na baba akampiga picha haraka bila kupanga. Hapo, nyuma ya mtoto, utaona mlango mdogo, sufuria jeusi juu ya mafiga, na nguo ya mtu mzima iliyoanikwa.

Kampuni nayo ilikuwa na kamera zake, na hazikuelekezwa barzani. Zilielekezwa kambini. Hapa ndipo albamu ya Kolwezi inapotofautiana na albamu za mashamba ya matajiri kwingineko duniani, ambako mtumishi huingia kwenye picha kwa bahati. Union Minière ilimpiga picha mfanyakazi wake kwa makusudi, na mke wake, na mtoto wake, na chungu chake. Ilikuwa na sababu.

Mizani

Miaka ya mwanzo, kampuni ilikula watu. Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1910, ilileta vijana kutoka mbali, kwa mikataba mifupi, bila wake, wakalundikwa katika vibanda. Wengi waliugua kichomi na kuhara, na wengi hawakurudi makwao. Watu waliokuja kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, na baadaye Ruanda-Urundi, walikutana hapo wakiwa hawaelewani lugha. Miaka ya kwanza kazi iliendeshwa kwa lugha ya migodi ya kusini mwa Afrika, kisha Kiswahili kikashika nafasi, nacho kikageuka kuwa Kiswahili cha Katanga, chenye "njo" na "mu" na maneno ya Kifaransa yaliyovuliwa viatu. Wafanyakazi waliipa kampuni jina: Changachanga, aliyechanganya watu.

Kuleta mtu, kumlisha, kumfundisha, kisha kumzika, ni gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1920 migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilianza kuwania watu walewale, na serikali ya koloni ikaanza kuzuia uchukuaji wa vijana vijijini kwa hofu ya kuvimaliza. Kampuni ikageuza hesabu. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikahimiza mfanyakazi alete mke, ikajenga nyumba za matofali, zahanati na shule zilizoendeshwa na wamisionari. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia idara ya wafanyakazi wa Kiafrika, alikuwa mhubiri mkuu wa siasa hiyo. Mfanyakazi aliyezaliwa kambini, kwa fikra yake, angekuwa bora kuliko aliyeletwa kwa treni. Mgodi ungejizalia wachimbaji wake.

Sasa tazama picha ambayo kampuni iliipenda kuliko zote, ile ya kupima watoto uzito. Wamama wamepanga mstari, kitambaa kichwani, mtoto kifuani. Mezani pana mizani ya sinia, ya aina ile ile ya kupimia bidhaa dukani. Mtoto amelazwa juu yake uchi, mikono hewani, mdomo wazi. Sista au muuguzi mwenye nguo nyeupe anasoma namba. Karani Mwafrika, kalamu mkononi, anaiandika kwenye kadi. Macho ya mama hayako kwa mpiga picha wala kwa sista. Yako kwenye sindano ya mizani, kwa kuwa mtoto aliyepungua alimaanisha maswali: umemlisha nini, umempeleka wapi, kwa nini hukuja juma lililopita.

Picha nyingine ni ya posho. Kila juma familia ilipimiwa chakula: unga wa bukari (ugali), maharage, mafuta ya mawese, chumvi, karanga, samaki au nyama. Mume alikuwa na fungu lake, mke lake, watoto lao. Kwa hiyo ndoa ilikuwa na karatasi, mtoto alikuwa na karatasi, na mke aliyerudi kwao kijijini alifutwa kwenye daftari, fungu lake likakatwa. Katika fuaye, nyumba ya mafunzo ya kampuni, wanawake walifundishwa kushona, kupiga pasi, kutandika kitanda. Kampuni ilichungulia hadi chumbani, na ilipomaliza kuchungulia ilipiga picha.

Ukizikusanya picha hizi, unapata albamu ya familia: kuzaliwa, ubatizo, siku ya kwanza shule, baiskeli ya kwanza, cherehani. Ndivyo ilivyokusudiwa. Na watu wa kambi walisema wenyewe, msemo unaojulikana Katanga yote hadi leo: Union Minière njo baba, njo mama, yaani ndiye baba, ndiye mama. Wengine waliusema kwa shukrani, wengine kwa kukunja uso, kwa maana baba anayekulisha ndiye anayekuchapa.

Alichapa kweli. Desemba 1941, vita ya dunia ikiwa imepandisha bei za vitu na kazi, wafanyakazi wa Jadotville, Likasi ya leo, na Elisabethville waligoma kudai nyongeza. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville walikokuwa wamekusanyika, askari walifyatua risasi. Watu makumi walikufa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, msemaji wao. Shaba iliendelea kwenda kwa majeshi ya Washirika. Siku kama ile haikai katika albamu ya baba.

Umeme na magazeti

Miaka ya 1950 ndiyo kilele cha picha. Mwaka 1952 ukamalizika ukuta wa bwawa la Delcommune, leo Nzilo, juu ya Lualaba kaskazini mwa Kolwezi. Mwaka 1956 ukafuata mtambo wa Le Marinel, leo Nseke. Mto uliokuwa ukipiga kelele kwenye mabonde ya mawe ukawa ziwa, na nyaya zikapeleka umeme viwandani na hata ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka huohuo wa 1956 kampuni ilitimiza miaka 50, na mwaka uliofuata likaanza gazeti lake la wafanyakazi, Mwana Shaba. Jina lenyewe lilikuwa cheti cha kuzaliwa. Baba yako alichimba shaba, wewe ni mtoto wa shaba.

Serikali ya koloni nayo ilikuwa na shirika la picha, Congopresse, lililogawa picha kwa magazeti ya dunia kuonyesha Kongo yenye amani na maziwa. Joseph Makula alijiunga nalo mwaka 1956, Mwafrika wa kwanza kushika kamera yao. Kwa karibu nusu karne Mwafrika alikuwa amesimama mbele ya lenzi, na hatimaye mmoja akapita nyuma yake. Uhuru ulikuwa umebaki miaka minne.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru, na siku 11 baadaye mwanasiasa Moise Tshombe akatangaza Katanga nchi peke yake, kampuni ikimlipa yeye kodi badala ya kuilipa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Uasi ule ulikufa Januari 1963, na Kolwezi ndiyo ngome ya mwisho iliyosalimu amri kwa majeshi ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ikachukua mali yote ya kampuni. Baada ya kubadili majina mara mbili tatu, kampuni ikatulia kwenye Gécamines.

Kwenye barza ukabadilika uso. Wahandisi Wakongomani waliingia villa zilezile, na katika albamu zao za miaka ya 1970 mkao ni uleule: viti, ngazi, watoto kwa kimo, mama amevaa kitenge badala ya gauni la maua, bwana amevaa suti ya abakosti. Na pembeni, tena, kijana mwenye trei. Kambini posho iliendelea, hospitali iliendelea, shule iliendelea. Baba alikuwa amebadili jina tu.

Mei 1978

Kisha Kolwezi ikapigwa picha na dunia nzima kwa siku chache. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC, wengi wao askari wa zamani wa Katanga waliokimbilia Angola au wazawa wao, waliuteka mji. Tarehe 19 Mei wanajeshi wa Kifaransa wa Kikosi cha Kigeni waliruka kwa miavuli. Wazungu zaidi ya 100 waliuawa, na Wazaire, kama Wakongomani walivyoitwa wakati huo, mamia. Magazeti ya Ulaya yalionyesha villa zilizotobolewa risasi, mapazia yaliyochanika, nyasi zilezile za albamu zikiwa na miili. Wafu wa Ulaya walihesabiwa mmoja mmoja, kwa majina. Wa Kolwezi wenyewe walitajwa kwa makadirio. Katika kifo pia, kuna aliyeandikwa nyuma ya picha na asiyeandikwa.

Wahandisi wengi wa kigeni waliondoka. Uzalishaji ulipanda tena, ukafika karibu tani 470,000 za shaba katikati ya miaka ya 1980, huku fedha zikivuja Kinshasa na mitambo ikizeeka bila vipuri. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 askari na raia walipora miji. Mwaka 1993 Gécamines ilizalisha tani chini ya 50,000.

Mwaka huohuo familia ya Changachanga ilivunjwa kwa mikono. Katika joto la siasa za gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa na kampuni kwa treni, wengi wao wakiwa wamezaliwa Kolwezi na kupimwa kwenye mizani ileile, walifukuzwa majumbani. Maelfu walilala kwenye stesheni za reli za Likasi na Kolwezi wakingoja treni isiyokuja, na wengi walikufa wakingoja. Aliyechanganya watu hakuwepo tena, na waliochanganywa wakaambiwa watengane.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa fedha kwa mkupuo, pungufu ya malimbikizo yaliyokuwa yakidaiwa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa tayari amekiita kitabu chake kwa jina linalouma: watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Waliochora, waliokata

Kambini na kwenye siti watu walikuwa na picha zao. Miaka ya 1960 na 1970, sebule ya mfanyakazi wa Katanga ilikuwa na michoro ya rangi juu ya turubai la magunia ya unga, iliyonunuliwa kwa wachoraji wa mtaani. Waliiita ukumbusho. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yote katika picha zaidi ya 100, akimsimulia kila moja kwa Kiswahili mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Kati yake wamo wagomaji wa 1941, mbele ya bunduki. Pale ambapo albamu ya kampuni ilikuwa na ukurasa mtupu, Tshibumba aliweka rangi.

Miaka 30 baadaye akaja kijana wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka ule wa vita, 1978. Alichukua picha za nyaraka za kampuni, wafanyakazi waliopangwa mstari na mabwana wa kofia nyeupe, akawakata kutoka katika mandhari yao, akawaweka juu ya picha za rangi alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyokufa: kuta zilizotoboka, vyuma vyenye kutu, majani yaliyootea relini. Mfululizo huo unaitwa Mémoire. Kituo cha sanaa alichosaidia kukianzisha Lubumbashi mwaka 2008 kinaitwa Picha.

Katika picha hizo wafanyakazi wanatutazama wima, kijivu, kama wageni waliorudi kukagua nyumba. Wengi Ulaya walizisoma kama majonzi ya magofu. Kolwezi zinasomeka zaidi kama ukaguzi. Waliokuja wanauliza: tulizoacha ziko wapi?

Stakabadhi

Ukiingia leo sebuleni mwa mzee wa Gécamines, siku utakapokuja na swali la picha, hataleta albamu. Ataleta mkoba, au mfuko wa plastiki, uliofungwa kwa kamba. Humo mna mkataba, karatasi za mshahara, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana wajukuu, barua ya kuachishwa kazi, na katikati yake picha moja au mbili. Mjukuu akiuliza, "Babu, huyu ni nani?" babu hutaja jina, kisha namba ya matrikule, kama mtu anayesoma risiti.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kampuni ilipiga picha kuonyesha ilichotoa: mizani, posho, shule, bomba la maji. Waliopigwa wakaziweka kama uthibitisho wa walichoahidiwa. Picha ile ile ni tangazo mkononi mwa mmoja na stakabadhi mkononi mwa mwingine. Mtu akikuambia kwamba zamani maji yalitoka na hospitali ilikuwa na dawa, usidhani anamlilia Mbelgiji. Anaonyesha risiti.

Na anaihitaji, kwa sababu vitu vilivyo ndani ya picha vinaondoka. Kolwezi imekaa juu ya madini yake, na sasa kobalti ya betri imeyapandisha thamani upya. Mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao wakachimba sakafuni. Baadaye sehemu ya mtaa ilikabidhiwa kampuni ya Kichina, na mamia ya familia yakahamishwa. Mwaka 2023 shirika la Amnesty International lilieleza jinsi mgodi unavyopanuka ndani ya mtaa wa Cité Gécamines, nyumba za zamani za wafanyakazi zikilazimishwa kupisha shimo. Nyumba iliyoko nyuma ya wale wamama wa mizani, kama bado imesimama, huenda imepigwa alama ya rangi ukutani. Familia inayotaka fidia itaulizwa karatasi. Picha yenye tarehe na ukuta unaotambulika imekuwa kitu cha kuhifadhi mahali pakavu.

Narudi kwa mwenye trei. Yeye hakuajiriwa na kampuni, aliajiriwa na nyumba. Hakuwa na matrikule wala fungu lake katika daftari la posho, na mpango wa 2003 haukumhusu. Bwana wake alipoondoka, alipewa pengine shati, pengine barua ya sifa iliyoandikwa kwa Kifaransa. Ushahidi kwamba aliamka kila siku kabla ya jua katika baridi ya Julai, akawasha moto, akachemsha maji ya kuogea watoto wa watu, haupo Kolwezi. Upo Ubelgiji, ndani ya albamu iliyorithiwa na mmoja wa watoto wale wenye sweta, ambaye sasa ni mzee. Huenda mzee huyo anaikumbuka sauti yake na wimbo alioupiga mluzi akifua, na huenda hata jina lake. Kalamu ingali ipo, na nyuma ya picha bado pana nafasi ya kuandika.